Karatasi ya Kijani ya Alunguli

Mji wa Kindu uliusoma mkono wa Apolline miaka mingi bila kumjua mwenyewe. Ubao wa duka la vitenge karibu na stesheni ulikuwa wake. Jina la kinu cha mpunga kwenye barabara ya kwenda Kailo, lake. Hata lile "Usiteme mate hapa" la chumba cha kusubiria treni aliliandika yeye, na watu walilisoma vizuri kabisa, kisha wakatema mate. Mwandishi wa mabango hana shukrani mjini. Anakumbukwa siku rangi inapobanduka.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee Okito alikuwa akipaka namba kwenye mabehewa ya reli, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimshikisha binti yake mkubwa brashi akiwa na miaka kumi. Somo lake la kwanza lilikuwa la ajabu kidogo, maana alimkataza kuitazama herufi.

"Angalia pale hapana rangi," alimwambia. "Muntu anasoma ile nafasi. Ukiijaza yote, umemufungia mulango."

Apolline alipaka namba nane mara nyingi mno juu ya bati bovu kabla ya kuruhusiwa kugusa behewa. Alilia, alikasirika, akazoea. Baba alipofariki, na mama alikuwa amemtangulia, alibaki na brashi tatu, kopo la tapentaini, na mdogo wake Albertine wa miaka saba. Albertine hakupelekwa shule mapema kwa sababu hapakuwa na cha kumpelekea. Alijifunza kusoma kwa kumfuata dada yake kazini, akitamka kwa sauti kila herufi iliyokuwa bado mbichi. Alimwita dada yake Yaya, yaani dada mkubwa, na kwa kweli Yaya huyo ndiye aliyekuwa mama yake.

Kwenye karatasi za serikali hapakuwa na Apolline wala Albertine. Majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku tangu zamani, na kila mtu mzima alikuwa sitwayen au sitwayene, mwananchi wa Zaire. Kwa hiyo alikuwa Sitwayene Okito ofisini, na Apolline nyumbani. Albertine alipokua aliolewa ng'ambo ya mto, Alunguli, akazaa binti, wakamwita Julie pale ambapo hakuna aliyesikiliza.

Mwaka 1989 kompyuta ya kwanza ambayo Apolline aliiona ililetwa kwenye ofisi ndogo ya afya, imefungwa ndani ya blanketi mbili. Mkubwa wa ofisi hiyo alikuwa muuguzi aitwaye Mbambu, mwanamke wa Butembo, mfupi, mwenye haraka, asiyekaa kwenye kiti mpaka mwisho wa sentensi. Wafadhili walikuwa wamempa mashine, printa, jenereta, na mwalimu wa wiki tatu. Mtu wa kuitumia hawakumpa. Mbambu akazunguka mjini akiuliza nani ameandika ubao wa kinu cha mpunga, mpaka akafika mlangoni kwa Apolline.

Mwalimu aliitwa Florentin, alitoka Kisangani, mtu wa maneno mengi na soksi safi. Siku ya kwanza alieleza kwamba ndani ya mashine mna vitu vichache tu: nukta, mstari, umbo, ukubwa, weusi na weupe. Mengine yote ni kuvipanga. Apolline alikuwa amekuja na woga wa kukutana na uchawi, na sasa anaambiwa habari za mabehewa.

"Kwenye karatasi kuwe na mukubwa mumoja," Florentin alisema. "Wakiwa wakubwa wawili, jicho halijui litasalimia nani mbele. Na vitu vikikaa karibu, jicho litasema ni ndugu. Usikalishe pamoja vitu visivyo ndugu, mama. Jicho halitauliza, litaamini tu."

Alimfundisha kupanga maneno yote yaanzie mstari mmoja wa kushoto, kuweka kizito karibu na chepesi ili kizito kionekane, kurudia umbo moja ili ukurasa mzima uwe wa mama mmoja. Na zaidi ya yote alimfundisha kuacha nafasi. Hapo Apolline alicheka peke yake, Florentin akadhani anamcheka yeye. Kwa brashi, kosa unalilipia rangi na tapentaini. Kwenye kioo kidogo cha mashine, neno lilisogea kushoto, likasogea kulia, likanenepa, likakonda, na lilipokosewa liliondoka kana kwamba halikuwahi kuandikwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa mara ya kwanza kazi yake ilimpa furaha isiyochafua mikono. Siku Florentin anaondoka alimwambia Mbambu kwamba mwanamke huyu hana cha kufundishwa tena. Lingekuwa jambo jema kama lingekuwa kweli.

Mwezi wa tatu kipindupindu kikaingia Alunguli. Watu tisa walizikwa kwa wiki moja. Wauguzi walifuata nyayo za wagonjwa na zote ziliwafikisha kwenye kijito kimoja nyuma ya nyumba za mtaa wa Albertine. Maji ya kijito yalikuwa yameoza. Lakini pale pale Alunguli, kwenye ukuta wa dispensari, palikuwa na pampu iliyochimbwa kwenda chini sana, na maji yake yalikuwa safi. Watu waliipuuza kwa sababu mpini wake ulikuwa mzito na kijito kilikuwa karibu. Kuwahamisha watu kutoka kijitoni mpaka pampuni, mwendo wa robo saa, ndiyo ilikuwa kazi yote. Serikali ikapiga marufuku mitumbwi kuvuka, isipokuwa ule wa wauguzi. Albertine akabaki ng'ambo ile, Apolline akabaki ng'ambo hii.

Mbambu alimwambia, "Nitengenezee karatasi ambayo hata asiyesoma ataelewa."

Apolline aliitengeneza asubuhi moja. Katikati aliweka mwanamke mwenye bidoni, dumu la maji, mbele ya pampu, mkubwa, mweusi, wa mistari minene. Chini, kijito kidogo kimekatwa na msalaba. Maneno yalikuwa sita: MAJI YA KIJITO YANAUA. CHOTA PAMPUNI. Nafasi iliyobaki, zaidi ya nusu ya ukurasa, aliiacha nyeupe kabisa. Alipoitazama kwenye kioo alijua ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Moyoni aliifanya kwa ajili ya mtu mmoja. Alimwona Albertine akija na beseni kichwani na Julie mgongoni, akiinua macho, akielewa kabla hajasimama.

Shida ilikuwa karatasi. Ofisini zilibaki arobaini, na Mbambu alizitunza kwa ajili ya ripoti za wafadhili.

Ndipo akaja Sitwayen Matata, msemaji wa Chama katika mtaa wa ofisi ile, na abakosti yake, koti la watu wa Chama, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Matata alikuja kusaidia. Alibeba mwenyewe rimu nzima, karatasi mia tano, akaiweka mezani kwa uangalifu. Zilikuwa karatasi za kijani. Juu yake, theluthi nzima ya ukurasa, palikuwa pamekwisha kupigwa chapa picha ya Kiongozi na maneno ya utii.

"Mutaandika hapa chini," alisema. "Chama kiko na batu wake wakati wa magonjwa."

Hapa lazima msomaji aelezwe jambo ambalo mtu wa Kindu hakuhitaji kuelezwa. Karatasi ya kijani ilikuwa karatasi ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro bila malipo. Ilibandikwa ikiwa na orodha ya majina, na asiyefika alitozwa faini au alilala mahabusu. Lakini palikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Asiyeiona karatasi angeweza kuapa mbele ya chifu wa mtaa kwamba hakuiona, na mara nyingine alisamehewa. Aliyeonwa amesimama mbele yake hakuwa na la kusema. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa umejifunza ufundi wake: ukiona kijani ukutani kwa mbali, unageuza njia kabla macho hayajafika kwenye maandishi. Wazee waligeuka, wanafunzi waligeuka, hata mapadri. Apolline mwenyewe aligeuka. Wiki iliyotangulia tu alikuwa amezunguka nyuma ya soko zima ili asipite mbele ya moja.

Mbambu alitazama rimu, akatazama zile arobaini. Alikuwa mgeni wa Butembo, mwaka wake wa kwanza Kindu, na maisha yake yalikuwa kati ya ofisi na wagonjwa. Hakuna aliyewahi kumwandika salongo.

"Mia tano ni mia tano," alisema. "Unaweza, Apolline?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ningependa kuandika kwamba aliogopa Matata, na kweli aliogopa kidogo, lakini hiyo siyo sababu. Sababu ni kwamba aliutazama ule ukurasa uliobanwa akaona fumbo la kazi, na mikono ikamwasha. Nafasi ni ndogo, picha ni nzito juu, kijani kinameza weusi. Je, inawezekana kuifanya ipendeze? Fundi ukimwonyesha tatizo, husahau kuuliza kama lilistahili kutatuliwa.

Akakaa siku mbili. Mwanamke wa pampu alimpunguza mpaka akatosha chini. Maneno aliyapanga katikati, sawasawa na yale ya Chama, kwa herufi za umbo lile lile, ili juu na chini visigombane. Alizungushia mpaka mwembamba unaoushika ukurasa wote pamoja. Kisha wakatoa utepe wa wino kwenye printa, pini zake zikatoboa herufi kwenye stensili, ile karatasi ya nta, na wakazungusha mpini wa mashine ya chapa mara mia tano. Kila kitu kilikuwa na uwiano. Picha na onyo vilikaa kama mtu na nduguye.

Matata aliinua moja akaishika mbali na uso, kama watu wanavyoshika picha ya arusi.

"Sitwayene," alisema, "hii njo karatasi ya Chama kabisa. Muntu hataweza kujua imetoka mikononi mwa nani."

Apolline alifurahi. Aibu yake kubwa baadaye ilikuwa hiyo, kwamba aliposikia maneno yale alifurahi.

Alhamisi karatasi zilivuka mto. Vijana wa Chama walizibandika sokoni, kwenye makanisa, na nyingi zaidi kwenye ukuta wa dispensari, kuizunguka pampu pande zote. Kijitoni hakuna ukuta, kwa hiyo kijitoni hawakubandika kitu. Muuguzi aliyekuwa akivuka asubuhi alimwuliza Apolline kama ana neno la kumpelekea mdogo wake. Akafikiri kidogo, akasema hapana. Albertine anajua kusoma. Karatasi mia tano ni neno kubwa kuliko la mdomo.

Wiki ya kwanza wagonjwa waliongezeka. Mbambu alisema ni kawaida, ugonjwa hauondoki kwa siku moja. Wiki ya pili waliongezeka zaidi. Jumanne ya wiki hiyo yule muuguzi alirudi na mtumbwi mchana, akamwita Apolline nje ya ofisi, akamwambia apande.

Albertine alilala kwenye jamvi ndani ya hema la dispensari. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mwanamke wa miaka themanini. Maji ya mshipani yalikuwa yamekwisha tangu asubuhi, na mengine yalikuwa njiani kwa treni, na treni, kama kawaida yake, ilikuwa mahali pasipojulikana. Julie alikuwa amechukuliwa na jirani. Alikuwa mzima.

"Yaya," Albertine alisema. "Ulivuka namna gani?"

"Nilivuka tu. Usiseme sana."

Alimlowesha midomo kwa kitambaa. Kwa mlango wa hema aliiona pampu, hatua thelathini tu kutoka pale, na ukuta wake wa kijani. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Mchana mweupe, mtaa mzima unakufa kwa maji mabaya, na pampu imesimama peke yake, mpini wake mkavu.

"Albertine, kwa nini haukuchota hapa? Haukuambiwa?"

"Niliambiwa kuko maji mazuri." Alipumzika kati ya maneno. "Nikakuja na beseni. Nilifika mupaka pale kwa kona, nikaona makaratasi ya kijani imejaa ukutani. Sijaona salongo ya namna ile tangu nizaliwe. Nikasema, leo batatuandika sisi wote. Na mimi nilikosa mara mbili tayari, Yaya. Mara ya tatu ni mahabusu, na mutoto ananyonya. Nikageuka."

"Haukusoma?"

"Nani anasomaka ile?" Akajaribu kucheka. "Hata weye hausomake. Weye njo ulinifundisha kugeuka."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemshika mkono akiwa mtoto, akamvuta upande wa pili wa barabara, akamwambia asitazame.

"Tuligeuka wote," Albertine aliendelea. "Mama Aziza, bibi ya mwalimu, wote. Tukarudia kijito. Yaya, ile makaratasi ilikuwa inasema nini?"

Apolline alifungua kinywa. Angeweza kumwambia ukweli, na mdogo wake angekufa akijua kwamba mkono uliomlea ndio uliomfukuza pampuni. Angeweza kumdanganya, na angekufa akidhani alikuwa na haki ya kuogopa. Hakuna neno kati ya hayo lililostahili kusemwa na mtu anayependa.

"Ilikuwa salongo," alisema.

"Nilijua," Albertine alisema, akafumba macho, ametulia. Alifariki kabla ya saa kumi alasiri. Walimzika jioni ile ile kwa amri ya serikali, ndani ya chokaa, bila kumwosha na bila matanga. Apolline hakuruhusiwa kumgusa.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Mbambu alimpa pole kwa dhati, akamshika mabega, kisha uchovu ukamshinda.

"Mia tano, Apolline. Mia tano, na bado wanakunywa kijito. Hawa watu wenu hawasomi."

"Wanasoma, Mama," Apolline alisema. "Walitusoma kwa mbali sana."

Akamweleza. Alieleza polepole, habari ya kijani, habari ya kona, habari ya kuapa kwamba hukuona. Mbambu alikaa, safari hii mpaka mwisho.

"Na ulijua hayo?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naipendezesha," alisema.

Aliwasha mashine. Karatasi ile bado ilikuwemo, akaifungua, akaitazama. Alitaka sana iwe mbaya. Alitaka aone mstari uliopinda, neno lililobanwa, kitu chochote ambacho angeweza kukilaani. Haikuwa na kasoro. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na mahali pake palikuwa pa Chama, na jicho halikuuliza, liliamini tu.

Akaifunga. Akaifungua ile ya kwanza, ya mwanamke na bidoni. Akachukua zile karatasi arobaini nyeupe bila kuomba, na Mbambu akamtazama akizichukua. Wakazungusha mpini mara arobaini.

Alivuka na mtumbwi wa wauguzi Alhamisi asubuhi. Pampuni alibandua kijani kwa kucha na kisu cha jikoni, akabandua mpaka vidole vikatoka damu, na kijana wa Chama aliyepita alimwangalia uso akaamua kuendelea na safari yake. Ukuta ulipokuwa mtupu alibandika karatasi moja nyeupe, katikati, akaiachia nafasi pande zote.

Wanawake walikuwa wamesimama kwenye kona na mabeseni yao, mbali. Mmoja akasogea hatua mbili, akasimama. Hapakuwa na kijani. Akasogea tena. Alikuwa Mama Aziza, muuza maandazi, jirani aliyekuwa akimlea Julie, na mtoto alikuwa mgongoni mwake amelala. Alisoma kwa sauti, maneno yote sita, kisha akawageukia wenzake.

"Mukuje. Iko maji tu."

Wakaja. Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imepita dispensari, na mpini wa pampu ulikuwa ukilia bila kupumzika. Mama Aziza alijaza beseni lake, akamtambua Apolline, akamsogelea, akamwuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari ya njia:

"Dada, hii karatasi ilikuwa wapi siku zote?"

Ilikuwa ofisini tangu mwanzo, ndani ya mashine, na karatasi nyeupe arobaini kando yake. Pampu ya Alunguli ilikuwa moja na ukuta wake mmoja, na ukuta ule ulihitaji karatasi moja. Alibaki amesimama pembeni ya foleni, thelathini na tisa zilizosalia amezibana kifuani, na hapakuwa na mahali pengine palipozihitaji.